Programu Isiyofunguka: Uhakiki wa Kiswahili cha Hitilafu za Linux kwa Kutazama Mahitaji ya Gumbo, Juba

Ikisiri

Programu ya kompyuta inapobofywa katika Linux, isifunguke wala kutoa ujumbe wowote, mtumiaji huambiwa au hujiambia kuwa programu imekufa. Makala hii inajenga hoja kwamba katika visa vingi programu huwa imesema, ila imesemea mahali ambapo mtumiaji hakufundishwa kusikiliza. Kwa kuhakiki urithi wa ujanibishaji wa Kiswahili tangu Jambo OpenOffice ya mwaka 2004, na kwa kuitazama Gumbo, Juba, kama mahali ambapo Kiswahili kimetangulia kufika kwa barabara na soko kabla ya kufika darasani, makala inaonyesha kuwa juhudi zilielekezwa kwenye menyu na vitufe, na si kwenye lugha ya kutambua tatizo. Inapendekeza mgawanyo wa maana miongoni mwa istilahi zinazochukuliwa kuwa visawe, na matumizi ya makusudi ya njeo na hali za kitenzi, pamoja na kiambishi -ang- ambacho usanifishaji haukukipa nafasi.

Maneno makuu: ukimya wa programu, ujanibishaji, Linux, istilahi, hali ya kitenzi, Juba

1.0 Utangulizi

Hitilafu nyingi za kompyuta hujitangaza. Skrini hubadilika rangi, dirisha la onyo hujitokeza, mlio husikika. Ipo aina moja isiyojitangaza. Mtumiaji anabofya aikoni. Kishale kinageuka duara, kinazunguka sekunde chache, kisha kinarudi kuwa kishale. Hakuna dirisha, hakuna onyo. Anabofya tena, kisha mara ya tatu, na matokeo ni yaleyale. Mafundi wa Linux wanaijua hali hii vizuri, nao wana taratibu za kuitatua. Wanaisimu na washauri wa sera hawajaipa uzito, labda kwa kuiona kuwa ni jambo la waya na nati. Makala hii inaichukulia kuwa ni jambo la lugha: kuna aliyesema, kuna ambaye hakusikia, na kuna maneno yaliyokosekana kati yao.

Gumbo imechaguliwa kwa sababu inaliweka tatizo hili wazi. Eneo hilo liko ukingo wa mashariki wa Mto Nile Mweupe, ng'ambo ya katikati ya jiji la Juba, kando ya barabara iendayo Nimule kwenye mpaka wa Uganda. Barabara hiyo ya kilomita 192, ambayo uwekaji wake wa lami ulikamilika mwaka 2012, ndiyo njia kuu inayoiletea Juba bidhaa kutoka Uganda na bandari ya Mombasa. Ndiyo pia njia ya Kiswahili. Madereva wa malori, wafanyabiashara wa Kenya na Uganda, na Wasudani Kusini waliorudi kutoka kambi za ukimbizini kama Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, wamekileta Kiswahili Juba bila kungoja mtaala. Gumbo penyewe Wasalesiani wa Don Bosco wanaendesha shule na mafunzo ya ufundi, na wamewahifadhi watu walioyahama makazi yao kutokana na vita vilivyoanza Desemba 2013. Ni mahali pa kujifunza, tena pa watu wasio na nafasi ya kupoteza kifaa.

Kisera, picha ina tabaka kadhaa. Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 inakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi na kuzitambua lugha zote za asili kuwa za kitaifa. Lugha ya mawasiliano mapana jijini ni Kiarabu cha Juba. Kiswahili kimepata uzito mpya tangu nchi hiyo iliposaini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, Aprili 2016, kwa kuwa Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya inataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano ya eneo zima. Swali linaloulizwa mara nyingi ni lini Kiswahili kitafundishwa huko. Swali lisiloulizwa ni Kiswahili gani kitamfaa mtu mwenye kompyuta isiyofungua programu.

2.0 Ukimya wenye nasaba

Ukimya wa programu za Linux una historia, na bila kuijua mhakiki atalaumu asiyestahili. Linux imerithi mila za Unix, mfumo ulioanza kuundwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Wakati ule majibu ya kompyuta yalichapwa kwenye karatasi kwa mashine iendayo polepole. Programu iliyofanya kazi yake ikanyamaza ilikuwa na adabu. Eric Raymond, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu sanaa ya kuandika programu za Unix, aliiweka mila hiyo kuwa kanuni: programu isiyo na jambo la kushangaza la kusema isiseme neno. Wanaonukuu kanuni hiyo husahau kuwa katika orodha ileile aliweka nyingine inayoikamilisha, kwamba programu ikilazimika kushindwa, ishindwe kwa kelele na mapema iwezekanavyo.

Kwa nini basi kelele haisikiki? Jibu limo katika mikondo mitatu ambayo kila programu ya Unix hupewa inapozaliwa: mmoja wa kupokea, mmoja wa kutoa matokeo, na mmoja wa kutoa makosa. Mkondo wa makosa ulitengwa makusudi ili malalamiko ya programu yasizame ndani ya matokeo. Mtu akiiita programu kwa kuandika jina lake kwenye terminali, mikondo yote miwili ya kutoa humwagika mbele ya macho yake. Akiiita kwa kubofya aikoni, hakuna terminali. Malalamiko hupelekwa kwenye daftari la mfumo, ambalo katika Linux nyingi za leo husomwa kwa amri ya journalctl, au katika mifumo ya zamani kwenye faili lililofichwa ndani ya folda ya mtumiaji. Mkondo ulioundwa ili makosa yasipotee ndio uliopotea.

Kwa hiyo kusema kwamba programu "imeshindwa kimyakimya" si sahihi sana. Imelalamika, na malalamiko yameandikwa, mara nyingi hadi sekunde yaliyotokea. Aliyebuni aikoni ndiye ambaye hakuweka mtu wa kuyapokea. Tofauti hii ina uzito wa kisera: programu ikichukuliwa kuwa imenyamaza, dawa ni kuitupa, ikichukuliwa kuwa imesema pengine, dawa ni kumfundisha mtu pa kusikiliza.

3.0 Kilichotafsiriwa

Mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioendeshwa kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, unastahili heshima ambayo haujapewa ya kutosha. Desemba 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye kiolesura cha Kiswahili, wakati ambapo wengi walikuwa bado wanabishana kama Kiswahili kinaweza kubeba sayansi. Wasomi wa kompyuta walikaa na kutoa istilahi kwa mamia, na jambo lililokuwa mjadala likawa kitu cha kubofya. Ukosoaji unaofuata haupunguzi hayo.

Hata hivyo ni vyema kuangalia ni sehemu gani ya programu iliyopata Kiswahili. Ujanibishaji wa aina hii hufanywa kwa orodha ya matini: upande mmoja sentensi ya Kiingereza, upande wa pili nafasi ya tafsiri. Nafasi ikiachwa tupu, programu huonyesha Kiingereza. Wafasiri, kama binadamu yeyote mwenye muda mfupi, huanza na kinachoonekana: Faili, Hariri, Hifadhi, Chapisha. Hivi ndivyo vitu ambavyo mgeni mashuhuri huonyeshwa siku ya uzinduzi. Ujumbe wa hitilafu hauonekani siku hiyo, na ukionekana ni aibu. Isitoshe, sehemu kubwa ya malalamiko ya programu haimo kabisa katika orodha ya programu hiyo. Imo katika maktaba za msingi za mfumo na katika kipakizi kinachoziunganisha maktaba hizo na programu, au imeandikwa na mtayarishaji moja kwa moja ndani ya msimbo bila kupitishwa kwenye orodha yoyote. Mfasiri wa menyu hakuiona.

Matokeo ni kiolesura chenye uso wa Kiswahili na koo la Kiingereza. Mambo yakienda vizuri mtumiaji anahudumiwa kwa lugha yake. Yakiharibika, lugha yake inamwacha, tena wakati ule ule anapoihitaji zaidi. Jina la mradi lilibeba Linux, lakini tunda lililojulikana lilikuwa programu ya ofisi, na huo ni ushahidi mdogo wa mwelekeo mzima: kazi ilifanywa juu, kwenye karatasi na aikoni, na mfumo wenyewe ukabaki vilevile.

Pingamizi moja lijibiwe hapa. Inaweza kusemwa kwamba Sudan Kusini lugha rasmi ni Kiingereza, hivyo malalamiko ya Kiingereza hayana ubaya. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama ujumbe wa Kiingereza wenyewe ungesema kweli. Mfano maarufu ni wa mtumiaji anayeita programu ya biti 32 kwenye mfumo wa biti 64 usio na kipakizi chake. Faili lipo, analiona kwa macho, jina amelipatia. Ujumbe unamjibu kwamba hakuna faili wala folda ya jina hilo. Kisichokuwepo ni kipakizi, si faili aliloliita. Mwingereza wa kuzaliwa hupotea hapo sawasawa na mtu wa Gumbo. Matoleo ya karibuni ya Bash yamerekebisha maneno hayo, yakisema sasa kuwa faili linalohitajika halikupatikana. Miongo mingi ilipita kabla ya mtu kuona kuwa sentensi hiyo iliandikwa vibaya. Kuitafsiri sentensi mbovu kwa Kiswahili sanifu kungetoa ubovu sanifu.

4.0 Kosa, kasoro, hitilafu, dosari

Kamusi na faharasa za teknolojia hutumia kosa, kasoro, hitilafu na dosari kana kwamba ni kitu kimoja, mara nyingi zikipanga mawili au matatu kwa mfululizo mbele ya neno moja la Kiingereza. Huu ni uharibifu wa mali. Maneno haya hayalingani, na tofauti zake zinafanana kwa namna ya kushangaza na tofauti ambazo fundi huzitafuta.

Kosa lina mkosaji. Mtu hukosa, huomba radhi kwa kosa, huadhibiwa kwa kosa. Programu inapoandika "Kosa limetokea" mbele ya mwanafunzi aliyebofya aikoni tu, inamweka kizimbani. Walimu wanajua jinsi wanafunzi wapya wanavyoiogopa kompyuta, na sehemu ya hofu hiyo imetiwa na neno. Linafaa libaki kwa jambo ambalo mtumiaji amelifanya kweli, kama kuandika nywila isiyo yake au kulipa faili jina lenye alama isiyokubalika.

Kasoro ni upungufu. Msemaji yeyote wa Kiswahili anayesema saa tatu kasorobo anajua kuwa kuna kitu kilichopungua ili hesabu itimie. Ndivyo ilivyo kwa programu inayohitaji maktaba ambayo haijasakinishwa: kila kitu kipo isipokuwa kimoja. Amri ya ldd, ikipewa jina la programu, huorodhesha maktaba zinazohitajika na kuonyesha isiyopatikana. Hiyo ni orodha ya kasoro kwa maana kamili ya neno.

Hitilafu ni neno lenye bahati ya pekee Juba. Kwa sikio la msemaji wa Kiarabu, asili yake ni tofauti, kutokubaliana. Kiswahili cha sasa kimelipanua hadi likamaanisha ubovu wowote wa mashine, lakini maana ya asili ndiyo inayofaa hapa: maktaba ipo, programu ipo, matoleo yao hayapatani. Moja imesonga mbele, nyingine imebaki nyuma, kama majirani waliogombana juu ya mpaka. Kumweleza mwanafunzi wa Gumbo kwamba hitilafu ni ikhtilafu ya matoleo kunahitaji sentensi moja tu, kwa sababu nusu ya maelezo anayo tayari.

Dosari ni waa, alama ya kuharibika juu ya kitu kilichokuwa kizima. Faili la mipangilio lililokatika katikati kwa sababu umeme ulizimika wakati likiandikwa lina dosari. Panapotegemewa jenereta na sola, hili si tukio la nadra. Programu ikilikuta faili la namna hiyo inaweza kufa kabla haijachora dirisha lake la kwanza; likihamishwa pembeni, programu huunda jipya na kufunguka.

Baki aina ya tano, ambayo haina kitu kibovu kabisa: mfumo umekataza. Faili halina ruhusa ya kutekelezwa, au folda ya mipangilio ni mali ya mtumiaji mkuu kwa sababu mtu aliwahi kuiendesha programu kwa mamlaka ya sudo, au kinga ya AppArmor imezuia jambo ambalo programu ilitaka kulifanya, kama ilivyotokea kwa programu kadhaa baada ya Ubuntu 24.04 kubana matumizi ya nafasi-majina. Hapa Kiswahili hakihitaji nomino mpya. Kinahitaji mnyambuliko, na hilo ni jambo la sehemu inayofuata.

5.0 Imegoma, imekataa, imekatazwa

Msikilizaji makini wa mazungumzo ya watumiaji wa kompyuta Afrika Mashariki hukutana na vitenzi vilevile: imegoma, imekataa, imekwama, imeganda, imekufa, inasumbua. Vyote ni hai, vyote vina ladha, na karibu vyote havimsaidii fundi. Kugoma na kukataa humpa kompyuta hiari, kana kwamba ina madai ya mshahara. Kufa hufunga mjadala. Ni kuganda na kukwama pekee vinavyosema jambo la kweli, kwamba programu ilianza na haikuendelea, na hivyo si kisa cha ukimya kinachojadiliwa hapa.

Lakini kutoka kukataa hadi kukatazwa ni hatua fupi ya sarufi na ndefu ya maana. "Imekataa kufunguka" inamwacha fundi gizani. "Imekatazwa kufunguka" inamtuma moja kwa moja kwenye ruhusa na kinga. Unyambulishaji huo kila mwanafunzi wa Kiswahili wa darasa la chini anauweza. Hakuna aliyemwambia kuwa ni kifaa cha ufundi.

Utajiri mkubwa zaidi umo katika ukanushi. Kiingereza cha kawaida cha mtumiaji husema programu haifunguki, basi. Kiswahili humlazimisha msemaji kuchagua. Haijafunguka huacha mlango wazi: tukio halijatokea hadi sasa, linaweza kutokea. Kwenye kompyuta ya mtumba yenye diski ya kuzunguka na kumbukumbu ndogo, huenda jibu sahihi ni kungoja dakika moja, na kila mbofyo wa nyongeza unaita nakala nyingine ya programu na kuizidishia mashine mzigo. Haikufunguka hufunga tukio moja lililopita: jana saa nne ilibofywa, haikufunguka. Fundi atataka kujua saa, kwa sababu daftari la mfumo limepangwa kwa saa. Haifunguki husema hali.

Hapo ndipo Kiswahili sanifu kinapoishiwa. Kiambishi hu- cha mazoea hakina ukanushi wake. Hufunguka ikikanushwa hurudi kuwa haifunguki, umbo lilelile linalotumika kwa sasa hivi, na kwa kutoweza. Msikilizaji hawezi kujua kama programu haifunguki wakati huu, au haina desturi ya kufunguka, au haifungukiki kabisa. Kiswahili cha Nairobi na cha bara ya Kenya, ambacho ndicho kilichosafiri kwenda Juba pamoja na wafanyabiashara na waliorudi kutoka Kakuma, kimeziba pengo hilo kwa -ang-: haifungukangi. Neno hilo halitapita kwenye mtihani wowote wa taifa. Linasema hata hivyo, kwa silabi moja, kwamba jambo hili hurudiarudia, halikuanza leo, na kungoja hakutasaidia.

Msimamo wa makala hii ni kwamba miongozo ya utatuzi iliyokusudiwa kutumika Juba, Kampala au Goma ilikubali umbo hilo, angalau katika maswali ambayo fundi humuuliza mtumiaji. Hoja ya kwamba litaharibu usanifu haina uzito katika matini ambayo lengo lake ni kupata taarifa sahihi. Zaidi ya hayo, msemaji wa Kiarabu cha Juba hafiki kwenye Kiswahili akiwa mtupu. Lugha yake huweka gi au bi mbele ya kitenzi kutofautisha kinachoendelea na kitakachokuja, na huacha kitenzi bila kitu kwa jambo lililokamilika. Amezoea kuuliza tukio liko wapi katika safari yake. Mwongozo unaomtaka aseme "haifanyi kazi" unamshusha chini ya uwezo wake.

6.0 Kisa cha kutungwa

Kisa kifuatacho ni cha kutungwa, ila kila hatua yake inajulikana kwa mafundi. Mwalimu mmoja wa Gumbo anapewa programu ya kuchora ramani kwa flashi, kwa sababu kuipakua kungemaliza bando lake. Imefungwa kwa muundo wa AppImage, ambao hubeba programu nzima ndani ya faili moja. Kwa mahali penye intaneti ghali ni muundo wenye hekima. Kompyuta ina Ubuntu 22.04. Mwalimu ananakili faili, anabofya, hakuna kinachotokea. Anampigia simu fundi aliye Kampala.

Kwa msamiati wa imegoma, mazungumzo yangeishia hapo, au kwenye ushauri maarufu wa kusakinisha mfumo upya. Mazungumzo yenye maneno yaliyogawanywa yanakwenda njia nyingine. Imekatazwa? Flashi yenye mfumo wa FAT haihifadhi ruhusa ya kutekeleza, kwa hiyo faili limefika bila ruhusa. Mwalimu anaiweka kwenye sifa za faili. Bado haikufunguka, na sasa fundi anamwomba afungue terminali, aburute faili humo na kubonyeza kitufe cha kuingiza. Malalamiko yaliyokuwa yakienda daftarini yanatokea mbele yake: programu inahitaji FUSE. Toleo la zamani la maktaba hiyo, ambalo AppImage nyingi zinalitegemea, haliji tena pamoja na Ubuntu tangu 22.04. Hiyo ni kasoro, na kasoro hujazwa kwa kusakinisha kifurushi kimoja kidogo cha libfuse2, ambacho nacho kinaweza kuja kwa flashi.

Kama terminali isingeonyesha neno lolote, lingebaki swali la msimbo wa kutokea, namba ambayo kila programu huiacha inapoondoka. Sifuri ni salama. 126 ni kwamba faili lipo ila haliwezi kutekelezwa, 127 ni kwamba amri haikupatikana, 139 ni kwamba programu iligusa eneo la kumbukumbu lisilo lake ikauawa, na 137 kwamba imeuawa kwa nguvu, mara nyingi kwa sababu kumbukumbu ya kompyuta imekwisha. Namba hizi hazina lugha. Mwalimu anaweza kuzisoma kwenye simu kwa Kiswahili, Kiarabu cha Juba au Kibari, na fundi akazielewa.

Kisa cha pili kinafaa kutajwa kwa sababu kinahusu maabara na si mtu mmoja. Mtaalamu anaandaa kompyuta moja, anainakili diski yake kwenye nyingine kumi na kuzipa kila moja jina lake. Kama kivinjari cha Chromium kiliachwa bila kufungwa vizuri kwenye ile ya kwanza, nakala zote hubeba kufuli lenye jina la kompyuta ya kwanza. Kivinjari kikibofywa kwenye nakala, huona kufuli la kompyuta nyingine na kuondoka, na maelezo yake huenda daftarini. Kompyuta kumi, ukimya kumi, sababu moja. Ni rahisi mtu kuamua kwamba msaada ulioletwa ulikuwa mbovu, na vifaa vikafunikwa kitambaa chumbani. Kufuli lenyewe ni faili dogo la kufuta.

7.0 Nani aandike

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, pamoja na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama, haihitaji kuanzisha mradi mkubwa kama KiLinux ili kulirekebisha hili. Orodha ya malalamiko ya msingi ya mfumo ni fupi ikilinganishwa na menyu za programu ya ofisi, na hurudiwa na karibu kila programu. Yanayosumbua ni mambo mawili. La kwanza ni kwamba ujumbe uliotafsiriwa ni mgumu kutafutwa mtandaoni, kwa kuwa majibu mengi yameandikwa kwa Kiingereza; mafundi wengi hulazimisha mfumo useme Kiingereza kwa LC_ALL=C kabla ya kunakili ujumbe. Tafsiri ambayo haihifadhi alama ya asili inamkata mtumiaji na msaada uliopo. La pili ni kwamba mfasiri wa malalamiko hawezi kuwa mwanaisimu peke yake. Anahitaji kuketi na fundi ambaye ameshaliona faili lipo na kuambiwa halipo.

Mashirika yanayogawa kompyuta kwa shule nayo yana nafasi yake. Mikataba ya ugavi hutaja idadi ya mashine, ukubwa wa diski na muda wa dhamana. Ingeweza pia kudai kwamba aikoni ya kila programu ya kufundishia, ikishindwa, ifungue dirisha dogo lenye mistari ya mwisho ya daftari na msimbo wa kutokea. Kwa fundi hiyo ni kazi ya kuandika faili fupi la amri na kulitaja katika faili la kizinduzi badala ya programu yenyewe. Gharama yake ni siku moja au mbili, na ndiyo sehemu ambayo wafadhili hawaiweki kwenye bajeti kwa kuwa haina picha ya kupiga.

Ujumbe wa kipakizi uliotajwa katika sehemu ya tatu unaweza kuwa wa kwanza kuandikwa upya. Kwa mgawanyo uliopendekezwa hapa ungesomeka: "Programu ipo, ila kipakizi inachokihitaji hakipo. Hii ni kasoro ya mfumo, si kosa lako. Angalia kama programu ni ya biti 32." Chini yake, kwa herufi ndogo, ungebaki msimbo 127 na sentensi ya Kiingereza kama ilivyo, ili aliyeko Gumbo aweze kuisoma kwa simu na aliyeko Kampala aitafute.